Taima ya Pampu ya Bukiriro

Jumatatu, 4 Septemba

Saa moja kamili kwa mlio wa redio. Taima ya kwanza, ya kioo cha namba, imetangulia sekunde nne. Ya pili, ya kioo pia, imechelewa sekunde kumi na moja. Ya tatu ni ya kuzungusha kwa mkono: sahani yenye vipini vidogo pembeni, kila kipini robo saa. Haina sekunde. Kwa jicho, iko sawa na redio.

Siku ya tisa ya kuzipima taima hizi, saa zinazowasha na kuzima umeme zenyewe. Nimezipanga juu ya kabati la vyombo, hapa nyumbani Biharamulo, kila moja na balbu yake. Balbu zinawaka na kuzimika kutwa. Jirani ameniuliza kama nafungua disko.

Kazi hii ni ya Evarist, mdogo wangu, aliyeko Bukiriro kule Ngara. Ugonjwa wa mnyauko ulimaliza migomba ya kitongoji chake. Yeye ndiye aliyewashawishi watu wakate hata ile iliyokuwa bado imesimama na kuifukia, ugonjwa usienee. Kaya thelathini. Amewaahidi miche safi ya maabara, thelathini kwa kila kaya. Watu wanaiita miche ya chupa. Inafika na urefu wa kidole. Inatakiwa ilelewe wiki sita ndani ya chumba kilichofungwa, chini ya taa, wadudu wasiiguse, kisha ipandwe mvua zikikolea.

Miche mia tisa. Taa ziwake saa kumi na mbili asubuhi, zizimike saa nne usiku. Kila baada ya saa tatu, kuanzia taa zinapowaka, pampu ipandishe maji kwenye trei kwa robo saa, kisha maji yarudi pipani. Hakuna mtu awezaye kufanya hivyo wiki sita bila kupitiwa. Evarist mwenyewe yuko minadani nusu ya wiki, ananunua maharage. Ameniomba nimchagulie taima kwa sababu, anasema, mimi siamini kitu.

Ni kweli. Miaka thelathini na moja ya kuandika habari haijanipa sababu ya kubadilika.

Jumatano, 6 Septemba

Bandani kwa fundi Swedi, karibu na stendi. Nilikuwa na pampu yenyewe, ndani ya gunia. Fundi Swedi ametengeneza umeme wa mji huu tangu haujawa mji.

"Mwandishi, unanunua taima au unaoa? Wiki mbili unachunguza tabia."

Aliunganisha pampu kwenye taima ya kwanza. Tukaiwasha na kuizima. Mara ya kumi na nne taima ilionyesha imezima na pampu ikaendelea kunguruma. Akaifungua. Vipande viwili vya chuma vinavyogusana ndani vilikuwa vimeyeyuka na kushikana. Pampu inapoanza huvuta umeme mwingi kwa nukta moja, akasema, na vifaa hivi vidogo vimetengenezwa kwa ajili ya taa.

"Hii ingepampu mpaka Krismasi. Mngelima mpunga humo chumbani."

Ya pili ilishikana mara ya thelathini na moja. Ile ya kuzungusha tuliiwasha mara mia mbili. Haikushikana. Vyuma vyake ni vinene.

Dawa ya kweli ni kontakta, swichi nzito ya umeme: taima inaamuru kontakta, na kontakta ndiyo inayobeba pampu. Hapa mjini haipo. Ataagiza Mwanza. Hakuniahidi siku. Taima zile mbili amezikwangua, zinafanya kazi tena, lakini kwa taa tu.

Jumamosi, 9 Septemba

Umeme ulikatika saa nane na dakika tano, ukarudi saa nane na dakika arobaini na tano. Za kioo zina betri ndogo ndani, hazikupoteza kitu. Ya kuzungusha ilisimama na umeme, ikaondoka na umeme. Sasa iko nyuma dakika arobaini, na itabaki nyuma dakika arobaini mpaka mtu aizungushe.

Jambo baya zaidi: ukiitazama huoni kosa. Taa yake nyekundu inawaka. Sahani inakwenda. Inasema uongo kwa sauti ileile.

Nimeliandika kama kasoro namba moja. Kasoro inayojulikana inavumilika, mradi mhusika aambiwe.

Jumanne, 12 Septemba

Uamuzi. Taa: taima ya kwanza, ya kioo. Mzigo mdogo, betri ndani, haipotezi saa. Pampu: ya kuzungusha. Haishikani, na mtu asiyezoea vitufe anaweza kuisoma.

Kontakta haijafika. Miche inafika keshokutwa. Ningeweza kumwambia Evarist asubiri, lakini miche ikishatoka kwenye chupa haisubiri.

Alhamisi, 14 Septemba

Bukiriro. Chumba kimepigwa lipu, dirisha limezibwa, mlangoni kuna beseni la dawa ya kukanyaga kabla ya kuingia. Rafu nne. Trei zimejazwa makapi ya mpunga yaliyochomwa. Taa za Evarist ni za kizamani, zina joto. Nilimwambia. Alisema ndizo alizopata.

Shemeji yangu Koleta, mke wa Evarist, mzaliwa wa Kaniha, alipanda miche mia nne peke yake. Mikono yake ni myepesi. Wanawake wengine watano wakapanda iliyobaki. Walipomaliza nilizihesabu trei mara mbili. Mia tisa kamili.

Jioni nikamfundisha Evarist taima. Vipini sita vya pampu: saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku. Nikamwambia kasoro namba moja. Umeme ukikatika kisha ukarudi, zungusha sahani mpaka ioane na saa yako. Nikamtaka arudie. Alirudia mara tatu bila kukosea.

Koleta alikuwa jikoni anapakua. Ugali na maharage. Ndizi hakuna.

Ijumaa, 15 Septemba

Kabla ya kuondoka nilikutana na Mzee Sebastiani, jirani wa ukuta kwa ukuta. Aliingia nchi hii kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Shamba la migomba lililopakana na nyumba ya Evarist lilikuwa lake, na kabla yake la baba yake. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kukata. Sasa kutoka kibarazani kwake unaona moja kwa moja mpaka barabarani. Nilikuwa sijajua kwamba barabara iko karibu hivyo.

Shikamoo. Marahaba. Kisha akamgeukia Evarist.

"Daktari wa migomba, wagonjwa wako wanalala na taa?"

"Mpaka saa nne, Mzee. Kisha wanazimiwa."

"Mimi sijawahi kulala na taa mpaka saa nne. Heri ningezaliwa chupani."

Alicheka yeye mwenyewe. Halafu akaniambia mimi, bila kucheka: "Wewe unaandika. Andika kwamba Sebastiani amekata."

Nimeandika.

Jumatatu, 25 Septemba

Lori limepinduka jirani na Lusahunga. Wawili wamekufa, dereva na utingo. Nilipata majina yote mawili na tahajia zake kabla ya saa tano. Gazeti litachapa mistari sita.

Evarist amepiga simu. Miche imetoa jani jipya, karibu yote. Wanakitongoji wanakuja kuchungulia mlangoni kwa zamu, na Mzee Sebastiani huja kila siku.

Nimefurahi. Naandika kwa kuwa ni nadra.

Alhamisi, 28 Septemba

Mzee Sebastiani amefariki jana mchana, kibarazani kwake. Watu wanasema migomba ndiyo iliyomuua. Mganga wa zahanati amesema moyo. Naandika moyo.

Mazishi kesho. Siwezi kwenda, nina kikao cha baraza siku mbili. Evarist na Koleta wako msibani. Kule hakuna anayeshika jembe mpaka marehemu azikwe, na baada ya kuzika majirani hulala matangani siku kadhaa, wanaume nje, wanawake jikoni. Evarist amesema ni msiba wa kwanza kitongojini usio na ndizi chunguni.

Sikuuliza habari za miche. Ingekuwa aibu kuuliza.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nyabusozi. Upepo umeezua madarasa mawili. Watoto wanasoma nje, wamegeuziwa ubao kwenye ukuta wa choo. Picha tatu, moja nzuri.

Simu ya Evarist haipatikani. Bado yuko matangani.

Jumanne, 3 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Evarist.

"Kaka, imeungua."

Nikamuuliza nini. Akakata simu.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimefika Bukiriro saa kumi kasorobo. Naandika nilichokiona kwa mpangilio.

Rafu ya juu kabisa, imekufa yote. Majani ya rangi ya karatasi ya kaki, yanavunjika ukiyagusa. Rafu ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, michache ina kijani katikati. Ya chini kabisa, ambayo taa yake ina kivuli cha bomba, karibu nusu iko hai. Makapi kwenye trei ni makavu juu na yana unyevu chini kabisa. Pipa limejaa. Pampu nzima. Taa zinawaka kama zilivyopangwa.

Saa ya mkono wangu: saa kumi kamili jioni. Sahani ya taima ya pampu: saa tatu asubuhi. Taa yake nyekundu inawaka. Pampu ikaanza kunguruma mbele ya macho yangu.

Saa saba nyuma.

Nikamuuliza Koleta, jikoni, nikiwa nimesimama. Alijibu vizuri kuliko madiwani wote niliowahoji mwaka huu. Alhamisi, saa tatu asubuhi, padre akiwa ameanza sala kwa jirani, pampu ilinguruma. Ukuta mmoja tu. Watu wakageuka. Akakimbia, akachomoa plagi pamoja na taima yake. Taa hakuzigusa kwa sababu hazina sauti. Tangu hapo mpaka mazishi alikuwa anatoroka jikoni msibani kila baada ya muda na kumwagia trei kwa jagi, rafu zote nne, na usiku pia. Hakuna mche hata mmoja uliokauka. Ijumaa baada ya kuzika, saa kumi jioni, akachomeka. Pampu ikanguruma palepale. Akashukuru Mungu, akafunga mlango, akarudi kuwapikia wafiwa. Walikuwa wameambiwa mlango usifunguliwe ovyo, kwa hiyo hakuufungua. Alipita mara moja kila siku kusikiliza. Aliisikia.

Aliisikia kweli, ila si kwa saa zake. Saa thelathini na moja bila umeme. Toa siku nzima, zinabaki saba. Kipini cha saa tatu asubuhi kikawa kinaita saa kumi jioni. Kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa saba mchana hapakuwa na tone la maji, na taa zenye joto zilikuwa zinawaka tangu saa kumi na mbili. Siku tatu mfululizo, Jumamosi mpaka Jumatatu.

Jagi liliilinda miche. Taima ndiyo iliyoiua.

Evarist alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akasema, "Kumbe ulichomoa." Akamwambia hivyo mara mbili.

Koleta akaniangalia mimi. Ndipo nilipokumbuka ugali na maharage ya tarehe kumi na nne, na nani alikuwa anapakua.

Sikusema kitu.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimehesabu. Iliyo hai: mia moja thelathini na minane. Nimerudia. Mia moja thelathini na minane.

Nimezungusha sahani. Koleta amepunguza taa moja katika kila rafu bila kuambiwa na mtu.

Mchana Evarist alimwambia mbele ya wanawake waliokuja kuangalia: "Migomba ya watu imekufa mara ya pili. Ya kwanza ilikufa kwa ugonjwa. Hii imekufa kwa adabu ya mke wangu." Hakuinua mkono. Hana tabia hiyo. Lakini wanawake waliondoka haraka, na kufikia jioni kitongoji kizima kilikuwa na habari, na habari yenyewe ilikuwa moja tu: Koleta alichomoa.

Nimekuwa nikitazama habari zikiharibika hivi kwa miaka thelathini na moja. Najua hatua zote. Kitu cha kweli hutajwa peke yake, na vingine vya kweli huachwa.

Bado sikusema. Sababu: woga. Ningetaka iwe nyingine.

Ijumaa, 6 Oktoba

Koleta ameondoka na basi la asubuhi, amembeba mtoto wa mwisho. Amekwenda kwao Kaniha. Aliacha maji ya kuoga yakiwa moto na maharage yakiwa yamechambuliwa. Evarist anasema amekwenda kusalimia. Anasema hivyo kwa kila mtu, hata kwangu mimi niliyekuwepo.

Trei tumemwagia mimi na yeye.

Nimefungua shajara hii na kusoma tarehe tisa Septemba. "Mradi mhusika aambiwe." Mwandiko wangu. Kisha tarehe kumi na nne. Nilimfundisha mtu ambaye nusu ya wiki yuko mnadani. Mama mwenye nyumba, anayelala na kuamka na pampu, alikuwa hatua nane kutoka nilipokuwa nimesimama. Nilizihesabu leo. Nane.

Hakuna mhariri ambaye angenipitishia habari yenye chanzo kimoja, tena kisichokuwepo eneo la tukio.

Jumapili, 8 Oktoba

Kikao cha kaya thelathini, baada ya ibada, kwenye uwanja wa Mzee Sebastiani. Mjane wake, Mama Paskazia, aliketi kwenye mkeka na kitambaa cha msiba kichwani.

Evarist alieleza. Alisema umeme, alisema taima, halafu akasema "mama watoto alichomoa" na kuketi.

Maneno yaliyofuata, niliyoyashika:

"Tulikata migomba yetu kwa maneno yenu. Sasa tule taima?"

"Mwaka jana mlisema kata. Mwaka huu mnasema imeungua. Mwakani mtasema nini?"

"Na huyo mke yuko wapi ajibu mwenyewe?"

"Amekwenda kusalimia."

Kicheko. Si cha furaha.

Nikasimama. Magazeti yana safu ndogo ya masahihisho, ukurasa wa pili chini, ambayo hakuna anayependa kuiandika. Nimeiandika mara nyingi kwa makosa ya wengine. Kanuni yake ni fupi: sema kilichosemwa, sema kilicho kweli, usijitetee.

Nikasema: "Imesemwa kwamba Koleta aliua miche. Si kweli. Taima ya pampu niliichagua mimi, na nilijua kwamba ikikosa umeme hupoteza saa. Nilimwambia Evarist. Koleta sikumwambia, na yeye ndiye aliyekuwa nayo. Alichomoa kwa heshima ya marehemu, na kwa muda wote ilipokuwa imechomolewa alimwagia miche yenu kwa mkono, haukufa hata mmoja. Ilikufa baada ya kuikabidhi kwa mashine yangu."

Nikaketi.

Mzee mmoja akasema, "Basi aliyeua ni mwandishi." Nikasema ndiyo. Hakutegemea nikubali.

Mama Paskazia akainua mkono. Akasema: "Ile pampu ilipolia wakati wa sala, mimi niliisikia. Niliomba moyoni mtu aizime. Kwa hiyo na mimi mniandike."

Watu waliondoka bila kufunga kikao. Mwenyekiti wa kikundi cha kaya thelathini aliniambia pembeni kwamba maabara haina miche mingine kabla ya mvua za mwakani. Nilikuwa nimeshawapigia. Najua.

Evarist hakunisemesha mpaka jioni. Kisha akaniuliza: "Kwa nini hukuyasema haya Jumatano, kaka?"

Nilimwambia ukweli: niliogopa. Alitingisha kichwa. Akaingia kumwagia.

Jumanne, 10 Oktoba

Kaniha. Nilitangulia peke yangu, Evarist atakuja Alhamisi. Baba yake Koleta alinipokea vizuri, akaniwekea kiti, akanipa maji, akaondoka ili nizungumze na binti yake. Koleta alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuacha.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

Nilimweleza nilichosema Jumapili, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho wa gunzi.

"Shemeji, ulikaa kwangu siku mbili. Ulikula ugali wangu. Ulihesabu trei mara mbili, nilikuona. Kuhusu ile saa hukuniambia neno."

"Ndiyo."

"Ulidhani sitaelewa?"

"Sikudhani kitu. Sikukuwaza kabisa."

Aliweka gunzi chini. "Hilo ni baya zaidi."

"Ndiyo."

Akachukua gunzi jingine. Akauliza ni mingapi iliyo hai. Nikamwambia. Akauliza rafu ya chini imemwagiwa na nani. Nikamwambia Evarist. Akasema Evarist humwaga maji juu ya majani, majani yanaoza. Akasema atarudi, na kwamba nikirudi na taima nyingine, nisimfundishe Evarist. Nimfundishe yeye, na Evarist asimame jikoni.

Jumanne, 17 Oktoba

Kontakta imefika kutoka Mwanza. Fundi Swedi ameifunga ndani ya boksi lenye mfuniko na kunikabidhi niisafirishe.

"Ukiiweka safari hii," aliniambia, "mwite kila mtu. Hata mbuzi."

Bukiriro. Nimefunga taima ya pili ya kioo iamuru kontakta, kontakta ibebe pampu. Nimejaribu kuwasha na kuzima mara hamsini. Haikushikana. Nimechomoa plagi dakika ishirini, nimechomeka. Saa haikupotea hata dakika.

Koleta aliketi kwenye ndoo mbele ya boksi. Nilimwonyesha vitufe mara moja. Akataka nitoke, akafuta mpangilio wote, akaupanga upya peke yake, akaniita. Vipindi sita, vyote sahihi. Akauliza betri ya ndani inadumu muda gani. Nikasema miaka miwili au mitatu. Akauliza atajuaje imekufa. Nikasema hawezi kujua mpaka umeme ukatike.

"Basi na hii inaweza kudanganya," akasema.

Sikuwa nimeliwaza. Nimemwambia hivyo.

Akaomba chaki. Evarist alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Maharage yaliungua kidogo.

Jumamosi, 11 Novemba

Leo wamegawana. Miche mia moja ishirini na sita iliyofika mwisho, ina urefu wa mkono mpaka kiwiko. Minne kwa kila kaya. Ilibaki sita. Mtu akasema iende kwa Mama Paskazia. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu alibeba yake ndani ya beseni au ndoo na kuondoka chini ya mvua. Ni michache. Itachukua miaka kurudisha shamba kutokana na machipukizi, na wengine hawatasubiri, watapanda muhogo. Wawili wameshapanda.

Nilimsaidia Mama Paskazia kuchimba mashimo kumi, pale palipokuwa na shamba la mumewe. Kumi, katika uwanja wote ule. Ukisimama kibarazani inakubidi uitafute kwa macho. Aliuliza itazaa lini. Nikamwambia mwaka na miezi kadhaa, ikipona. Akasema, "Haya," akanawa mikono.

Nilirudi kuzima vifaa. Wiki hii palikuwa na msiba mwingine, nyumba ya tatu. Nilikuwa sijaambiwa. Niliusoma mlangoni mwa chumba, ndani, kwa chaki, kwa mwandiko wa Koleta:

*Jumatatu. Nimechomoa pampu saa 2 na dakika 10 asubuhi, msiba. Jagi saa 3, saa 6, saa 9, saa 12, saa 3 usiku. Jumanne jagi saa 12, saa 3, saa 6. Nimechomeka saa 8 na dakika 35, wameshazika. Taima na simu yangu: sawa. Nimerudi kuangalia saa 9. Imewaka. Nimerudi saa 12. Imewaka.*

Nilisoma mara mbili kutafuta kilichokosekana. Sikukiona.

Nikachomoa plagi. Nikaifuta taima vumbi na kuiacha kwenye rafu, mahali atakapoiona.